Abiria Asiyekaguliwa

Kila asubuhi kabla ya shule, binti wa muuza nafaka alifagia ghala la nyuma ya duka la mama yake. Alifagia kama mtu anayekimbizwa. Ufagio ulipita katikati ya magunia, ukaruka pembe zote, na kabla vumbi halijatua yeye alikuwa keshafika barabarani. Mtaani na shuleni walimwita Kiguu na Njia, au Kiguu kwa kifupi, kwa sababu yeye na kiti hawakuwahi kuelewana.

Muhula huo ndio hakutulia kabisa. Darasa lao lilikuwa linakwenda kupiga kambi kwenye kisiwa cha hifadhi, na wanafunzi walikuwa wameisubiri safari hiyo tangu mwaka uliopita. Mhifadhi wa kisiwa, mama mrefu mwenye sauti ya taratibu, alifika darasani kuwaeleza masharti. Kisiwani kwake, alisema, ndege wa baharini hutaga chini kwenye mchanga, bila kiota cha maana, kwa sababu hakuna panya wala paka wa kuwaghasi. Kisiwa cha jirani nacho kilikuwa hivyo hivyo, mpaka panya walipofika huko wakiwa ndani ya mizigo ya wageni. Sasa huko hakuna hata ndege mmoja anayetaga. Kwa hiyo chakula chote kingefungwa kwenye ndoo zenye mifuniko, na kila begi lingefunguliwa na kukung'utwa katika chumba cha ukaguzi kabla ya kupanda boti.

Kiguu alisikia yote hayo. Kusikia hakukuwa shida yake, shida ilikuwa kutulia.

Usiku wa kuamkia safari alijaza mizigo yake mbio mbio. Chakula alikifunga kwenye ndoo kama alivyoagizwa, lakini akakumbuka karanga za kukaanga, akazichomeka ndani ya begi la blanketi na kuliacha begi hilo wazi, chini, katikati ya magunia ya mahindi. Asubuhi alilifunga zipu bila kuchungulia ndani.

Gatini ukaguzi ulikwenda vizuri. Begi lake la nguo lilikung'utwa, ndoo yake ikafunguliwa na kufungwa tena, vyote vikafungwa utepe wa kijani. Ndipo akakumbuka kwamba begi la blanketi amelisahau chini ya kiti cha basi. Alilikimbilia. Aliporudi, boti ilikuwa inanguruma, wenzake wamekwisha vaa maboya na wanamwita kwa mikono, na foleni ya ukaguzi ilikuwa bado na watu. Kijana wa boti alimuuliza kama amekaguliwa. Akajibu ndiyo, akaingia. Si amekaguliwa kweli? Begi moja tu lingezamisha kisiwa?

Kisiwani walipewa uwanja wa mchanga mtupu wa kusimamisha mahema, na njia moja tu ya kutembelea, iliyopangwa mawe meupe kila upande. Kiguu na mwenzake wa dawati walisimamisha hema lao wakibishana kuhusu kamba. Mwenzake alipokwenda kuchota maji, Kiguu alifungua begi, akatoa blanketi na kulikung'uta.

Kitu cha kahawia kilidondoka miguuni mwake. Kilisimama kidogo, masharubu yakitetemeka, kisha kikapenya chini ya ukingo wa hema na kutokomea kwenye majani. Alikuwa panya, tena panya aliyenona kwa mahindi ya mama yake.

Kiguu alibaki ameshika blanketi. Akisema, safari imekwisha, na darasa zima litajua ni nani aliyeiharibu. Asiposema, labda panya atakufa kwa kiu. Labda ataanguka baharini. Alizitafuta labda nyingine, hakuzipata za kutosha.

Mwenzake aliporudi alimkuta anakunja blanketi lile lile kwa mara ya tatu, akamuuliza kama ana homa. Kwenye chakula cha mchana alishindwa kumeza. Mhifadhi alipowapitisha kwenye njia na kuwaonyesha yai la kijivu lenye madoa, limelala mchangani bila hata jani la kulifunika, wote waliinama kutazama. Kiguu alitazama pembeni, kwenye majani, akidhani kila kinachotikisika ni mkia.

Mwishowe alijiambia kwamba aliyeleta panya ndiye atakayemkamata. Wenzake walipokuwa wanapumzika, alichukua sufuria na karanga chache, akavuka mawe meupe. Hakufika mbali. Ndege waliokuwa wamelalia mayai waliruka wote kwa pamoja, wakipiga kelele juu ya kichwa chake. Aliganda alipo, akiogopa kuinua mguu asije akakanyaga yai. Wakati huo mwewe alishuka kutoka angani, akanyakua kifaranga kilichoachwa wazi na kwenda nacho. Mama wa kifaranga alimfuata mwewe akilia, akarudi, akazunguka pale pale penye mchanga mtupu.

Kiguu aliangua kilio. Alirudi akikanyaga alama za nyayo zake mwenyewe, na safari hii hakukimbia. Aliwakuta mwalimu wao wa sayansi na mhifadhi wakinywa chai mbele ya hema la jikoni.

"Mwalimu, nimeleta panya," alisema.

Mwalimu aliangalia sufuria mkononi mwake, akadhani ni utani.

"Panya yupi tena, Kiguu?"

"Alikuwa kwenye blanketi langu. Begi halikukaguliwa. Niliulizwa, nikasema limekaguliwa." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akasema na lile lililobaki. "Nimetoka nje ya njia kumtafuta. Mwewe amechukua kifaranga kwa sababu yangu."

Mwalimu alifungua mdomo, lakini mhifadhi alikuwa keshasimama.

"Twende ukanionyeshe alipoingilia," alisema. "Hasa hasa, mwanangu. Upande gani wa hema, na majani gani."

Mitego ya masanduku, ambayo midomo yake ni midogo ili ndege asiingie, ilitegwa kuanzia pale alipoonyesha. Ndoo zote zilikazwa mifuniko, mahema yakang'olewa, na kabla ya jua kuzama darasa zima lilikuwa limerudi kwenye boti. Hakuna aliyelala kisiwani. Kwenye boti hakuna aliyekaa karibu na Kiguu pia, na mwenzake wa dawati alikuwa amempa mgongo. Kwa mara ya kwanza maishani alitulia kitini mpaka gatini.

Siku mbili alizurura nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Alifagia ghala pembe zote, akahamisha magunia, akafagia tena. Mama yake, aliyekwisha ambiwa kila kitu, alimtazama bila kumkaripia, akaenda kununua mitego.

Siku ya tatu mhifadhi aliingia darasani mwenyewe. Wanafunzi walisimama, wakamwamkia, wakakaa kwa shingo upande wakitarajia kugombezwa.

"Tumemkamata," alisema. "Mtego wa kwanza, hatua chache kutoka kwenye lile hema. Alikuwa jike, na alikuwa na mimba."

Kiguu aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa dawati.

"Inua kichwa," mhifadhi alimwambia. "Kosa lako ni kubwa, na kile kifaranga hakirudi. Mtu aliyetuletea panya kisiwa cha jirani naye alimwona akishuka. Alikuja kutuambia baada ya miaka, wakati hakuna tena cha kuokoa. Wewe ulikuja siku ile ile, ukijua wenzako watakuchukia." Akawageukia wengine. "Sharti la ukaguzi linamzuia panya. Likivunjwa, kinachobaki kukizuia kisiwa kisife ni mtu mmoja mwenye kusema ukweli mapema. Ukiuchelewesha, utausema tu siku moja, lakini hautamsaidia mtu."

Alipotoka, mwalimu alifuta ubao na kuanza somo. Mwenzake wa dawati alikaa muda akichora-chora pembeni mwa daftari. Kisha, bila kumtazama, alimsogelea Kiguu na kumnong'oneza kwamba bado amemkasirikia, ila wakienda tena, mabegi yote ya Kiguu atayakung'uta yeye mwenyewe.