Kipimo cha Kiti cha Abiria

Niseme mapema: mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Mwaka wa kumi na tisa huu nashona viti vya magari. Nimefua damu za ajali kwenye sponji. Nimewahi kukuta jino la mtu chini ya zulia, na mchana huohuo nikala chakula changu nikashiba. Kwa hiyo anayetaka kunicheka aje kwanza akae na mimi hapa nyumbani, siku moja tu.

Ilikuwa jioni. Nilishafunika mashine ya kushonea, natafuta funguo nijiondokee, simu ikalia. Mwanaume. Sauti ya chini, ya mtu aliyetoka kuamka. Akasema ana magari mawili ya spoti, anatakiwa abaki na moja, na anataka fundi wa viti amsaidie kuchagua. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa nyuma tu.

Nikampigia mke wangu kumwambia nitachelewa. Mke wangu namwita Kamanda, na yeyote aliyekaa naye dakika tano anajua kwa nini.

"Chelewa tu," akasema. "Chakula utapasha mwenyewe na vyombo utaosha mwenyewe."

Ndivyo tunavyopendana sisi.

Geti nililikuta wazi. Gereji pana, safi mno, taa moja. Hakukuwa na harufu ya mafuta wala ya matairi, na gereji isiyonuka hivyo mimi nilikuwa sijaiona. Magari yalikuwa mawili, ya milango miwili miwili, mazuri hadi nikasahau kusalimia. La kwanza lilikuwa la wazi: paa lake la turubai, unabonyeza kitufe linajikunja lote nyuma, mnabaki nyinyi na anga. La pili lilikuwa na paa la bati lisilofunguka, limelala hadi nyuma, vioo vyembamba. Ukifunga mlango wa gari kama lile, hata sauti yako mwenyewe unaisikia karibu mno.

Mteja alisimama katikati. Mrefu, shati limenyooshwa. Hakunipa mkono.

"Nishauri, fundi."

Nikamwambia kama ninavyowaambia wote. La wazi raha yake ni upepo, lakini jua litaipasua ngozi, na siku mvua ikikuwahi kabla ya turubai, sponji yote imekwisha. La bati ni kimya na imara, ila joto lake lisikie hivyohivyo, na ukiwa ndani unakuwa umefungiwa kweli.

"Ungekuwa wewe?" akauliza. "Mkeo ungemweka kwenye lipi?"

Nikacheka. "Kamanda? Nywele zake zikivurugwa na upepo, mtaa mzima tutajuta! Huyo ningemweka kwenye la bati, nikapandisha na vioo."

"Rudia."

"Nini?"

"Sikusikia vizuri. Rudia."

Nikarudia. Yaani mjinga mimi, nikarudia, tena kwa sauti, na cheko juu.

Akafungua mlango wa la bati. Upande wa abiria hakukuwa na kiti, chuma kitupu. Akanipa ngozi iliyokunjwa nikashonee kiti hicho. Nyepesi, laini, na... ilikuwa na joto. Nikaipeleka puani, maana fundi hununusa ngozi. Haikunuka ngozi. Ilinuka mafuta ya nywele.

Hapa ndipo penye kosa langu, na ni kosa ambalo mtu asiye fundi wa viti hawezi kulifanya. Kiti cha dereva unakipima kwa dereva mwenyewe. Lakini cha abiria wateja hawana habari nacho, watakwambia tu, "Weka cha kawaida." Sasa kawaida ni nani? Mimi tangu naanza kazi kawaida yangu ni Kamanda. Namkalisha kwenye kiti, nachora chaki mgongoni, kiunoni, nyuma ya magoti, yeye ananitukana kwamba namtekenya. Kipimo chake nakijua kuliko namba yangu ya simu. Mji huu una wake za watu wengi wamekalia umbo la mke wangu na hawajui.

Basi nikauliza abiria ana umbo gani, akasema, "Wa kawaida." Nikachukua chaki, nikachora sakafuni pale, kichwa hadi magoti, bila hata futi.

Akachuchumaa akautazama mchoro muda mrefu.

"Hiki kipimo cha nani?"

"Cha mke wangu," nikasema. Kwa majivuno.

Nilishona siku mbili. Jioni ya tatu nikaenda kukifunga kile kiti, bolti nne. Ya mwisho ilipokaza, mkanda wa abiria ukajivuta wenyewe, ukapita juu ya kiti kitupu.

Klik.

Nikajiambia ni mambo ya magari ya kisasa. Nikakusanya vifaa vyangu, nikaondoka haraka kuliko nilivyokuja.

Nyumbani nilimkuta Kamanda kwenye kochi, amekaa wima, magoti pamoja.

"Nani kafunga madirisha?" akaniuliza.

Madirisha yalikuwa wazi yote. Pazia lilikuwa likipepea.

"Fungua bwana, hewa hakuna humu."

Nikafungua na mlango. Nikaleta feni, yeye asiyetaka feni, nikamwelekezea usoni. Nywele zake hazikutikisika. Hata unywele mmoja. Sebuleni kukaanza kunuka ngozi mpya.

Kesho yake mchana akaja shemeji yangu, dada yake mkubwa, ambaye ni muuguzi. Akampima, akasikiliza mapafu, akasema mapafu ni mazima kabisa. Kisha akamfungua vifungo vya gauni. Akaniita kwa kidole.

Kutoka begani hadi kiunoni, mshazari, kulikuwa na mstari mwekundu wa upana wa vidole vitatu. Umezama kwenye nyama.

"Umemfunga na nini mdogo wangu?" shemeji akaninong'oneza. "Sema kweli. Umemfunga na nini?"

Nilitoka mbio, sandali mguu mmoja.

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, watu wamejaa mtaani. Yule mtu alikuwa gerejini, amesimama palepale, shati lilelile.

La bati lilikuwa na mvuke kwenye kioo cha abiria.

Kwa ndani.

Nikapiga magoti. Sioni aibu kusema. Nikamwambia amtoe mke wangu, aniweke mimi.

"Kiti si chako," akasema. "Ulikikata mwenyewe."

"Basi mtoe."

"Kutoka hakupo. Kuhama kupo." Akageuza uso kuelekea lile la wazi. "Humu atapumua. Lakini hili halilali hapa, linaondoka leo, na likiondoka halirudi. Hilo la bati linabaki. Akibaki humo utakuwa naye, utamwona, utamsikia, maisha yako yote. Chagua, fundi."

"Wewe ni nani?"

"Chagua."

Jamani, msinihukumu haraka. Nilijua jibu. Mtoto mdogo angejua jibu. Mtu anakosa hewa, unampa hewa, basi. Mdomo niliufungua niseme la wazi. Halafu nikaiona nyumba yangu bila yeye. Nikauona mlango, naingia jioni, hakuna wa kunigombeza. Nilimpenda vibaya. Sina neno jingine.

Nikasema la bati.

Hakuniambia nirudie safari hii. Aliingia kwenye la wazi, akakunja paa, akaondoka taratibu kwenye jua lile, na mlio wa injini sikuusikia. Sijamwona tena.

La bati bado liko kwenye gereji ile, geti wazi, nyumba tupu. Milango haifunguki. Wiki iliyofuata nilikwenda na nyundo, nikapiga kioo cha abiria pigo moja. Kikaweka ufa. Simu yangu ikalia palepale, shemeji, analia: "Rudi! Rudi nyumbani, anatoka damu usoni!" Nyundo niliiacha hukohuko.

Sasa ni mwezi wa saba tangu siku ile. Kamanda hafi. Hali, hanyanyuki, hafi. Anakaa kwenye kochi wima, anavuta hewa kidogokidogo kupitia mdomoni, na anajua kila kinachoendelea. Nimeng'oa madirisha. Nimebomoa ukuta wa mbele, sebule inaangalia barabarani, majirani wananiita kichaa. Shemeji aliondoka, aliniambia hawezi kunitazama. Hanigombezi mtu. Hata hicho nilichokitaka sikukipata.

Jana jioni aliniita. Kwa pumzi ile, neno moja moja, inamchukua muda.

"Kulikuwa na jingine," akasema. "Eti?"

"Jingine nini, mke wangu?"

"La wazi."

Sikuwahi kumwambia. Naapa sikuwahi.

"Hapana, Kamanda. Lilikuwa moja tu. Hilohilo."

Nikadhani amesinzia. Kisha akainua mkono polepole, akaifuta hewa mbele ya uso wake, duara dogo, kama mtu anayefuta mvuke kwenye kioo, akasogeza jicho hapo apate kuniona vizuri.