Taa ya Breki ya Gari la Sonara

Saa 2:00 asubuhi. Stoo ya nyuma ya gereji.

"Waya wa taa ya breki nimeulegeza jana jioni," Fundi alisema. "Leo gari la sonara linatembea na taa mbovu."

Msumari, mkubwa wao, alikuwa anatafuna kijiti cha kiberiti. "Safi. Trafiki kusimamisha gari kwa taa, nani atashangaa? Shemeji yako akivua kofia, natokea na bastola. Boksi la dhahabu letu."

Shemeji mtu, kaka wa mke wa Fundi, alikuwa anajitazama kwenye kioo ndani ya sare ya trafiki ya kuazima. Mvivu wa kuzaliwa. Kazi hajawahi kuishika ikafika mwisho wa mwezi. Alipewa sare kwa sababu ya kitambi. Kitambi ni nusu ya cheo.

"Gari lile nalitengeneza mimi peke yangu," Fundi alisema. "Wakiukuta ule waya, watanijia mimi. Tukikosa leo, sina pa kurudi."

"Ondoa shaka, shemeji. Kazi gani hii? Kunyoosha mkono tu."

Saa 3:20. Barabarani.

Fundi alikuwa kwenye usukani kando ya ukuta, Msumari pembeni yake. Shemeji alitakiwa angoje gari moja. Akasimamisha teksi.

"Anafanya nini yule?"

"Anajizoeza," Fundi alisema, uso umemshuka kwa aibu.

Eti kioo cha pembeni kina ufa. Dereva akatoa leseni iliyokunjiwa noti. Mwonja asali haonji mara moja. Likafuata lori, honi hailii. Kisha pikapu, kibati cha namba kimepinda. Foleni ikaanza kujikusanya. Msumari akampigia simu. Shemeji akaitazama, akaikata. Afande ana kazi, bwana!

Saa 3:50.

Gari la sonara likafika mbele ya foleni. Shemeji akalizunguka, akaigonga taa kwa kidole. Dereva hakubisha. Njaa ya trafiki anaijua, akatoa leseni dirishani na noti ndani yake. Shemeji akachomoa chake.

"Haya, endelea. Karekebishe hiyo taa."

Gari likaondoka na dhahabu yote. Kofia iko kichwani, haijaguswa.

Hapo ndipo akili ilipomrudia. Akajishika kichwa katikati ya barabara, jitu zima. Lakini pikipiki mbili za trafiki wa kweli zilikuwa zimeshafika. Hawakuja kwa ajili ya dhahabu. Dereva wa lori alikuwa amewalalamikia huko mbele kwamba ametozwa mara mbili kwenye barabara ile ile.

"Wewe wa kituo gani?"

Shemeji hakungoja hata kofi. Akanyoosha kidole kwenye gari lililoegeshwa ukutani. "Wamenilazimisha! Yule kwenye usukani ndiye aliyechezea waya wa gari la sonara!"

Fundi akawasha injini. Msumari akanyoosha mkono, akaufungua mlango wa upande wa Fundi, teke likampata Fundi mbavuni, akaangukia lami. Msumari akarukia usukani. Hakutazama nyuma.

Fundi na shemeji wakafungwa pingu moja, mkono kwa mkono. Askari mmoja akaipekua mifuko ya shemeji, noti zote zikahamia mfukoni mwake.

"Shemeji," jamaa alinong'ona, machozi yanamtoka, "dada tutamwambia nini?"

Fundi alimtazama, kitambi na vifungo vyake vya kuazima.

"Mwambie ulipata kazi," alisema. "Na ukaipenda."