Mafuta ya Cherehani Kwenye Breki za Shangazi

"Wewe ndiye uliyemaliza mafuta ya mama!"

"Mimi siku…"

"Juzi tu chupa ilikuwa imejaa! Juzi! Leo ukiigeuza hata tone…"

"Niache niseme basi! Nimepaka mnyororo!"

"Mnyororo gani unakunywa chupa nzima? Una kiu?"

Chapu na kaka yake walikuwa wamesimama uani, kila mmoja anavutia kwake kichupa kidogo cha plastiki. Mama yao, fundi wa kushona nguo, alipaza sauti kutoka ndani bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Nyie wawili! Nikija hapo, nitakayemkuta na chupa ndiye mwenye kosa!"

Wakaiachia kwa pamoja. Chupa ikaanguka chini, ikabingirika mpaka kwenye ndoo.

Chapu alikuwa darasa la sita. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa anamaliza kazi kabla hujamaliza kumtuma. Kaka yake, aliyemzidi miaka miwili, walimwita Wakili, maana hata akiambiwa akaoge alitaka kujua kwa kosa gani. Na leo Wakili alikuwa na haki. Mnyororo ulipata matone matatu tu. Mafuta mengine yote yalikwenda kwingine.

Ilikuwa hivi. Katika nyumba ile mama alikuwa na dawa moja ya kila kitu kinachopiga kelele: mafuta ya cherehani. Mlango ukikwaruza, mafuta. Mkasi ukilia, mafuta. Feni nayo ilishapewa dozi yake. Sasa wiki nzima baiskeli ya shangazi ilikuwa inapiga yowe kila inaposimama, mpaka mtoto wa jirani anashtuka usingizini. Kuiosha kila Jumamosi ilikuwa kazi ya Chapu. Basi asubuhi ile alipomaliza kuiosha, akatoa dawa ya nyumbani kwao.

Baiskeli hiyo ilikuwa na breki za diski. Katikati ya kila gurudumu kuna sahani nyembamba ya chuma, hiyo ndiyo diski, na ukibana mkono wa breki, vipande viwili vidogo vinavyoitwa pedi vinaikamata kutoka pande zote mbili. Chapu alipaka mafuta diski ya mbele, akapaka na ya nyuma, asije akaonekana ana upendeleo. Kweli, kelele ikaisha. Shida ni kwamba Wakili alipoanza kuuliza maswali, Chapu akaona ni rahisi zaidi kuutaja mnyororo.

Shangazi akatoka ndani na begi lake. Alikuwa muuguzi wa zahanati na aliishi nao.

"Namwahi mzazi mmoja kule bondeni," alisema. "Nikampime mtoto wake. Chapu, hebu nitolee baiskeli mpaka barabarani."

Chapu akapanda, akatokea kwenye kichochoro. Kichochoro kile kinainama kidogo tu, si mteremko wa kumtisha mtu. Alipofika mwisho akabana breki. Breki zilibanika vizuri kabisa, bila kelele, na baiskeli ikaendelea na safari yake. Akabana kwa nguvu zote. Baiskeli ikamsalimia fundi seremala, ikakipita kitanda ambacho hakijaisha, ikaingia kwenye lundo la maranda na kutulia humo.

"Karibu!" alisema seremala. "Hodi huwa hupigi?"

Chapu akatoka na maranda kichwani, akaisukuma baiskeli kurudi. Sasa alijua. Na alijua kitu kingine pia: Jumatatu shangazi alikuwa amemwahidi kumpa baiskeli hiyo aende nayo shule, kwa mara ya kwanza. Akisema alichofanya, ahadi imekwenda na maji.

"Mbona umejaa maranda?" shangazi aliuliza.

"Nimempitia seremala."

"Na breki leo hazilii! Umezifanyaje?"

"Nimeziosha tu, shangazi."

"Ziko sawa?"

"Ziko sawa."

Shangazi akafunga begi lake nyuma, akaweka mguu mmoja kwenye pedali. Mbele yake barabara ilikuwa inashuka moja kwa moja, na kule chini kabisa ilikutana na barabara kuu. Lori likapita kule, likafuatwa na jingine. Chapu aliyatazama yale malori. Ghafla akaona kwenda shule kwa miguu si jambo baya hata kidogo.

Akaidaka keria ya nyuma kwa mikono miwili. "Shangazi, shuka! Hazishiki! Nimepaka mafuta kwenye breki!"

"Si nilisema!" Wakili alidakia mlangoni. "Si nilisema mimi!"

"Ulisema mnyororo hauna kiu," shangazi alimjibu huku akishuka. "Nyamaza." Akampigia simu yule mzazi kwamba atachelewa, halafu akamgeukia Chapu. "Sukuma. Twende kwa fundi."

Fundi baiskeli wa pale kwenye kona aliitwa Kimya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia amenyamaza. Aliigeuza baiskeli magurudumu juu, akafungua la mbele, akavuta pini ndogo, na pedi mbili zikatoka, kila moja sawa na ukubwa wa kidole gumba.

"Nusa," alimwambia Chapu.

Chapu akanusa.

"Cherehani," alisema fundi. "Naijua hiyo harufu, suruali zangu zote zinatoka kwa mama yako. Sikia, binti. Mnyororo unataka mafuta. Breki haitaki hata kuyasikia. Pedi ikishayanyonya ndiyo basi, si shati hilo useme utalifua. Na hata bila mafuta yako, hizi zilikuwa zimekwisha. Tazama. Hiki cha nyuma ni chuma. Hiki cheusi ndicho kinachoshika. Kikibaki milimita moja, unene kama wa kadi ya benki, badilisha, usingoje kuambiwa. Hizi hata milimita hazina. Zilikuwa zinalia zinaomba msaada, wewe ukazipa pipi!"

"Sasa nitajuaje kabla hazijaanza kulia?"

"Swali zuri. Chukua tochi, chungulia hapa kwenye mwanya kila unapoiosha. Dakika moja haifiki."

Akampa kitambaa safi na spiriti. Chapu akafuta diski zote mbili, akabadilisha upande wa kitambaa, akafuta tena, mpaka kitambaa kikawa kinatoka cheupe. Safari hii hakufanya chapuchapu. Fundi naye akaenda kunawa mikono kwa sabuni.

"Pedi mpya hazishikwi kwa vidole vya grisi," alisema huku anajifuta. "Mtu anajisahau. Anatoka kwenye mnyororo, hapohapo anaingia kwenye…"

Akaacha maneno hewani. Akaitazama mikono yake. Kisha akafunga pedi mpya za mbele na za nyuma bila kusema neno, mpaka shangazi akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, sista. Binti, panda. Pale kwenye tambarare, nenda na kurudi, bana taratibu kama mara ishirini. Pedi na diski lazima zizoeane kwanza."

Mara za mwanzo baiskeli ilisimama kwa kusitasita. Kufikia ya ishirini ilikuwa inasimama palepale. Shangazi akaijaribu mwenyewe mara tatu, akaridhika.

"Chapu," alisema, "kupaka mafuta hukujua, kwa hilo sikulaumu. Kilichoniudhi ni ule uongo wa 'ziko sawa'. Mimi nikikosea kazini nasema saa ileile, ili mgonjwa atibiwe. Kosa ukilisema mapema, linarekebishika. Ukilificha, anaumia mtu mwingine ambaye hata hana habari. Leo umesema mguu wangu mmoja ukiwa bado chini. Asante. Ila siku nyingine usisubiri nipande. Na shule utaenda nayo mwezi ujao, si Jumatatu."

"Sawa, shangazi," alisema Chapu. Ilimuuma, lakini hakubisha.

Fundi alikuwa bado amekishika kitambaa. Akakohoa.

"Sista, niazime huyu binti nusu saa." Akamgeukia Chapu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Jana jioni nilimfungia pedi mpya mwalimu wenu wa hesabu. Nilikuwa nimetoka kwenye mnyororo, mikono sikunawa. Na mimi alinifundisha yule mzee, mpaka leo nikimwona natoa mikono mfukoni. Nisindikize nikamwambie, mwanangu. Ila uanze wewe kuongea."