Mistari Iliyorukwa

Mshonaji alikuwa na kazi mbili. Asubuhi alikaa kwenye cherehani yake, akishona sare za shule na kupanua suruali za wanaume walionenepa wakakataa kukubali. Mchana alikwenda maktaba, kwenye chumba cha nyuma, kufanya kazi isiyo na mshahara. Yeye na wenzake wa kujitolea walifungua kwenye kompyuta picha za rejista kuukuu za hospitali na makaburi. Walisoma mwandiko wa makarani wa zamani, wakaingiza kila jina kwenye orodha. Mtu aliyetafuta ndugu zake aliandika jina tu, na ukurasa wenyewe ukamfungukia.

"Unashinda na wafu," mumewe alimtania, "na sisi tulio hai tunangoja chai."

"Wafu hawalalamiki sukari ikipungua."

Waliishi na shangazi wa mshonaji, dada wa baba yake, mjane asiye na mtoto. Ndivyo watu wote walivyojua. Siku moja wakiwa mezani, shangazi aliweka kikombe chini.

"Huko kwenye majina yenu, nitafutie mtu."

"Nani, shangazi?"

"Mwanangu."

Mume aliacha kutafuna. Shangazi alieleza bila kulia. Mwaka wa mafuriko, kabla mshonaji hajazaliwa, alijifungua mtoto wa kike hospitali kuu. Akazidiwa, akapoteza fahamu. Alipozinduka, mumewe alimwambia: "Mtoto alizaliwa amekufa. Nimeshamzika. Usiulize tena." Naye hakuuliza, mpaka mume akafa na jibu lake.

"Nataka kujua alipolala," alisema. "Sina lingine."

Rejista ya mwaka wa mafuriko ilikuwa imeshaingizwa. Mshonaji mwenyewe ndiye aliyeiingiza. Kesho yake alitafuta jina la shangazi, akalitafuta tena, akajaribu hata la marehemu mume wake. Hakutokea mtu.

"Hayumo, shangazi," alisema aliporudi.

Shangazi alimtazama. "Basi labda sikuzaa."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Siku hiyo hakula. Siku ya pili alikunywa maji tu. Mshonaji alimsikia akijigeuza kitandani, akajiona kama ndiye aliyemwua yule mtoto.

Kule maktaba, kazi ya kila mtu ilipitiwa na mhakiki, bwana mmoja waliyemwita Miwani. Alikuwa na miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso, na mara nyingi aliitafuta ile ya paji. Siku hiyo alikuwa amefikia rejista ya mwaka wa mafuriko. Alimwita mshonaji.

"Dada, ukurasa huu una watu wengi kuliko ulioandika. Wengine wamekwenda wapi?"

"Hao hawana majina, kaka. Karani kaandika 'mtoto mchanga' tu. Nikaona, asiye na jina nani atamtafuta? Nikawaruka, sikusoma hata mbele. Na wengine kawaandikia maneno mabaya. Hili hapa, 'ndugu hawakuja kumchukua.' Ni aibu kwa familia. Marehemu husitiriwa."

"Walishasitiriwa, dada. Wewe umewazika mara ya pili."

 Miwani alivuta kiti, akaonyesha kwa kidole.

"Mtoto hana jina, sawa. Kwenye nafasi ya jina lake bonyeza 'hakuna'. Lakini soma mstari mpaka mwisho. Hapa kuna jina la mama. Huyo mama anaye wa kumtafuta. Ukiuruka mstari, umemfuta mtoto, na umemfuta mama pamoja naye."

"Na maneno mabaya?"

"Yaandike yalivyo. Ni ya karani, si yako. Neno lisilosomeka, weka 'haisomeki', usibahatishe. Jina lililokosewa, usilisahihishe. Andika unachokiona, si unachokitaka."

Mshonaji aliinamia kompyuta. "Kaka, turudi ukurasa wa kwanza."

Walisoma pamoja, mstari baada ya mstari. Katikati ya ukurasa wa tatu mstari wenyewe ulikuwapo. Mtoto mchanga, wa kike. Jina la mama lilikuwa la shangazi, ila karani alikosea herufi moja. Vidole vya mshonaji vilitaka kuirekebisha. Akaiandika ilivyo.

"Orodha inatafuta hata majina yanayokaribiana," Miwani alisema taratibu. "Sasa ataonekana."

Lakini mshonaji alikuwa akisoma mbele, na alipofika mwisho wa mstari akaanza kuusoma tena.

Njia nzima alijadiliana na nafsi yake. Angeweza kumtajia shangazi kaburi, na mengine akayameza. Mume wa shangazi alikuwa marehemu. Kulikuwa na faida gani kumfukua?

"Nimempata," alisema mlangoni.

Shangazi alishika ukingo wa kitanda. "Nisomee kama ilivyoandikwa. Usiniruke neno."

Mshonaji akasoma. "Mtoto mchanga, wa kike. Umri, siku mbili. Ndugu hawakuja kumchukua. Kaburi la pamoja, safu ya nne."

"Siku mbili?"

"Ndiyo, shangazi."

"Aliishi siku mbili? Na mimi nimelala palepale?" Sauti yake ilipasuka. "Na yeye akaniambia kamzika!"

Alilia kilio cha mtu aliyefiwa leo. Mshonaji alimkumbatia, wala hakumwambia anyamaze. Usiku ule shangazi alikula ndizi moja.

Asubuhi walikwenda makaburini. Mlinzi aliwapeleka safu ya nne. Ilikuwa ukanda mrefu wa majani, bila jiwe wala kibao.

"Wako wangapi humu, baba?" shangazi aliuliza.

"Wengi, mama. Wote wachanga."

Shangazi aliketi kwenye majani, akanyoosha miguu. Aliweka kiganja juu ya udongo. Kisha aligeuka.

"Hao wengine uliowaruka, umeshawarudisha?"

"Bado, shangazi. Nilimwandika wetu, nikakimbilia nyumbani."

"Basi umesimama hapa unafanya nini? Nenda kazini. Mimi niache na mwanangu, njia ya kurudi naijua."