Gia ya Mashine ya Soksi

Kila asubuhi Baba Soksi alifuta vumbi kwenye mashine yake ya kufuma. Kisha alivuta kiti, akakaa tu. Mashine ilikuwa imeharibika tangu mvua zilipoanza.

Zamani haikupumzika. Mkewe, ambaye sasa ni marehemu, alikunja soksi upande wa pili wa meza. Alipenda kumtania: "Mke mkubwa ni hiyo mashine. Mimi ni mke mdogo." Nyumba nzima ilinukia sufu na mafuta ya mashine.

"Baba, tutafute nyingine," alisema binti yake, mwoka mikate.

"Nyingine haimjui mama yako," mzee akajibu.

Kilichovunjika ni gia moja ndogo yenye meno ya mshazari. Kiwanda kilichoiunda kilishafungwa. Fundi wa kuchonga vyuma aliitazama, akasema mashine yake haiwezi kukata meno ya namna ile.

Basi binti akabeba mashine, akampeleka baba yake kwa mteja wake wa mikate, fundi aliyeitwa Mama Tanuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Mama Tanuri alipima vipande vya gia, akaichora kwenye kompyuta. Kisha akawaonyesha waya mnene wa kijivu.

"Hii ni plastiki iliyojazwa unga wa chuma," alisema. "Mashine yangu hii ya kuchapa vitu inaiyeyusha plastiki na kuikamua kupitia tundu dogo, tabaka juu ya tabaka."

"Kama ninavyopamba keki!" alisema binti.

"Hivyo hivyo."

Gia ikajengeka mbele ya macho yao. Ilipokamilika, Mama Tanuri aliitwa nje. Mzee hakuweza kuvumilia. Aliichukua, akaijaribu kwenye mashine yake. Ilikuwa kubwa. Akaisukuma kwa nguvu. Ikakatika kama biskuti.

Mama Tanuri aliporudi, alimkuta mzee ameinamisha kichwa.

"Nimeiua," mzee alisema.

"Hujaiua, mzee. Ilikuwa haijazaliwa. Huo bado ni unga ulioshikwa na plastiki. Naiosha kwanza kwenye kimiminika maalumu kinachoondoa sehemu kubwa ya plastiki. Kisha naiingiza tanurini, mahali pasipo na oksijeni, ili chuma kisiungue. Joto nalipandisha polepole. Nikiharakisha, plastiki iliyobaki itatoka kwa kishindo na kuipasua gia."

"Halafu chuma kinayeyuka?"

"Hapana. Joto linakuwa kali sana, lakini haliyeyushi chuma. Chembe za unga hushikana zenyewe, na nafasi kati yake hujifunga. Ndiyo maana gia husinyaa. Niliitengeneza kubwa makusudi."

Binti alicheka. "Mkate wangu ukipata moto unaumuka. Wako unasinyaa!"

"Na wangu usijaribu kuuoka kwako, dada. Tanuri lako halifikii joto hilo, na moshi wa plastiki ni sumu."

Mama Tanuri alitengeneza gia nyingine. Safari hii mzee alirudi nyumbani kusubiri, ingawa kila siku alimtuma binti yake akaulize.

Hatimaye waliitwa. Gia ilikuwa ndogo, nzito, ngumu. Mama Tanuri aliidondosha mezani, ikalia kama kengele. Alilainisha kingo zake kwa tupa, akaifunga kwenye mashine ya soksi. Ikakaa sawasawa.

Nyumbani, mzee alipitisha uzi kwenye sindano, akashika mpini. Akauachia.

"Njoo ukae hapa," alimwambia binti yake. "Ulipokuwa mdogo ulililia sana mpini huu. Mama yako alikuwa anakubeba na kukutoa nje, mnapiga kelele wote wawili."

"Nikikosea, Baba?"

"Utafumua, utaanza tena."

Binti aliuzungusha mpini polepole. Soksi yake ya kwanza ilipinda, na kisigino kilikaa karibu na vidole. Mzee aliigeuza huku na huku. Kisha akavua kiatu kimoja, akaivaa, akatoka nayo barabarani ili majirani waione.