Viganja vya Golikipa wa Makarani

Lori la timu ya Kiswere lilikuwa limeshaipita Mchinga, linatimua vumbi kwenda kaskazini, gari la polisi kutoka Lindi lilipolifikia na kulipigia honi.

Inspekta Abdurahmani akashuka. Wachezaji wakamtazama kutoka juu.

"Kombe mmetunyang'anya jana," mmoja akasema. "Leo mmefuata nini, suruali zetu?"

"Yupi Likwata?"

"Humjui? Na mmeshamfungia maisha!"

Kijana mrefu, miguu peku, akaruka chini. "Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Uko chini ya ulinzi. Unatuhumiwa kumjeruhi golikipa Dionis."

Juu ya lori mtu akatema mate, yakaangukia karibu na buti la Inspekta.

Na aliyetema alikuwa na sababu. Jana yake, katika fainali ya ligi ya jimbo, Kiswere walikwenda mapumziko wakiongoza mabao mawili bila. Hapo ndipo Ambrosi, katibu wa timu ya Makarani, watu wa ofisi za serikali pale Lindi, alipomburuta golikipa wake Dionis hadi kwenye turubai la kamati. Akamnyanyua mikono watu waone. Viganja vilikuwa malengelenge matupu, mengine yamepasuka, ngozi inaning'inia.

Kamati ikakaa na kuamka kabla chai yao haijapoa. Mechi imevunjwa. Kombe kwa Makarani. Kiswere nje ya ligi miaka mitano. Likwata, nahodha na golikipa wao, asicheze tena mpira maisha yake yote. Kosa lake? Alimpaka mwenzake sumu waliposalimiana kabla ya mechi. Mwenyekiti, Mzungu wa shamba la mkonge, aliona kwa macho yake.

"Alimpa mikono miwili," alisema. "Nani anampa mpinzani mikono miwili?"

Likwata mwenyewe hakuulizwa hata neno moja.

Inspekta akamwambia pale pale barabarani, "Nionyeshe viganja."

Akavigeuza juani. Vikavu, vigumu, vizima.

"Ulimpa mikono miwili?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mzee Dionis ni mkubwa kwangu. Ndiye aliyemshonea baba kanzu. Ningempa mmoja, mama angenizaba kofi mbele ya watu wote."

Inspekta akamwachia mikono. Hakumtia pingu.

"Panda mbele," akasema. "Mimi nimekulia bara huko, kwenye mikorosho. Nataka nikaone hayo malengelenge."

* * *

Hospitalini Lindi, Dionis alikuwa amelala, mikono imefungwa bendeji mpaka kwenye vifundo. Hakuwa karani; alikuwa fundi cherehani aliyewashonea makarani. Mkewe, Romana, alikuwa anamlisha uji kwa kijiko kama mtoto.

Daktari akafungua bendeji moja. Kingo za vidonda zilikuwa nyeusi, na weusi ule ulikuwa umeganda kwenye mistari ya kiganja. Inspekta alikuwa anaujua. Mama yake alibangua korosho miaka mingi.

"Mafuta ya ganda la korosho," akasema.

"Ndiyo," daktari akajibu. "Mabichi."

"Mzee Dionis, yalianza kuwasha lini?"

"Uwanjani."

"Usinidanganye. Mafuta haya hayaunguzi papo hapo. Unayashika leo, kesho ndipo ngozi inavimba. Kama Likwata alikupaka kwenye salamu, yangetoka leo. Yako yalipasuka jana mapumziko. Yalianza lini?"

Dionis akageukia ukutani.

Romana akaweka bakuli chini kwa kishindo. "Sema! Unamwogopa nani? Mikono ndiyo hiyo imeoza! Nitakula heshima ya Ambrosi mimi?"

"Romana..."

"Usiniromane! Sema au nitasema mimi."

Dionis akavuta pumzi. "Nilipoamka, siku ya mechi. Tulikuwa kambini."

"Nani alikupaka?"

"Kila timu ina dawa yake, Inspekta, unajua. Juzi Ijumaa jioni Ambrosi alinipaka ya kudaka, mpira usiniponyoke. Nikamwambia asubuhi, inawasha. Akasema ikiwasha ndiyo imekubali. Nikakaza meno nikadaka."

"Na walipomhukumu yule kijana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo." Machozi yakamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Ambrosi alinishika bega. Akaniambia nikisema, nitafukuzwa timu, na hakuna karani atakayeniletea tena nguo."

* * *

Konstebo Salumu akaipekua kambi ya Makarani. Akarudi na kitambaa kilichotupwa nyuma ya jiko, kimekakamaa kwa mafuta meusi. Daktari akakipima: mafuta yale yale.

Ambrosi akaletwa kituoni, amevaa tai, mkono wa kulia mfukoni.

"Inspekta, kamati imeshamaliza jambo hili."

"Kamati ni ya mpira. Mimi ni polisi. Karibu chai."

Kikombe cha bati kikawekwa mbele yake. Akakipokea kwa kushoto.

"Nyumbani kwenu mnapokea kwa kushoto?"

Ambrosi akauzamisha mkono wa kulia zaidi mfukoni.

"Toa mkono."

Akautoa. Katikati ya vidole viwili palikuwa na lengelenge jeusi lililotumbuka. Inspekta akatupa kitambaa mezani.

"Ulimpakia hiki, mafuta yakapenya, eti?"

Ambrosi akakitazama, kisha akalegeza tai.

"Nilidhani itamwasha tu. Sikujua itakuwa vile."

"Uongo. Umezaliwa Nachingwea, kwenye korosho. Endelea."

"Tukiongoza, niseme ni ukurutu. Tukifungwa, nimnyanyue mikono mbele ya kamati."

"Ulijuaje watamhukumu Likwata?"

"Wangemhukumu nani mwingine?" Sauti ikapanda. "Unataka nini, Inspekta? Bingwa anakwenda Dar es Salaam, anacheza mbele ya Gavana. Tumesoma! Tuna njumu, tuna jezi zilizopigwa pasi. Tufungwe na watu pekupeku wanaonuka samaki wa ng'onda? Kesho wakija ofisini, dirishani kwangu, wataniitaje? Watanicheka!"

"Kwa hiyo ukamuunguza mtu wako."

"Golikipa anapatikana."

Konstebo Salumu, aliyekuwa anaandika, akasimama. Inspekta akamshika mkono kabla hajafika kwa mtuhumiwa.

* * *

Inspekta akayapeleka maungamo kwenye kikao cha kamati. Mwenyekiti akasoma, akayasukuma kando.

"Ni jambo la kusikitisha. Ila uamuzi wa kamati hauna rufaa."

"Hata ukiwa wa uongo?"

"Tukibadilisha mmoja, itabidi tubadilishe yote. Nidhamu itakuwa wapi?"

Inspekta akawageukia wajumbe wenyeji waliokaa kando ya Mzungu. "Yeye hajui korosho. Ninyi je? Modesti, shamba la baba yako lina mikorosho mpaka mlangoni. Uliyaona malengelenge yale. Ulijua ni ya jana yake."

Modesti akatazama meza. "Hatukuulizwa, bwana."

"Mnyonge akikosea, nidhamu. Bwana mkubwa akikosea, jambo la kusikitisha! Hii si ligi. Huu ni wizi wenye filimbi."

"Toka nje, Inspekta," mwenyekiti akasema.

* * *

Likwata aliachiwa siku ile ile kwa upande wa polisi. Kwa upande wa ligi alibaki amefungiwa maisha. Alikwenda kukata mkonge.

Ambrosi alishitakiwa kwa kujeruhi, hakimu akampa onyo. Ligi ilimsimamisha mechi mbili. Baadaye akahamishwa Mikindani na kupandishwa cheo.

Makarani walikwenda Dar es Salaam wakafungwa sita. Kombe hawakurudisha.

Dionis alipona mkono wa kulia. Wa kushoto vidole viwili havikunyooka tena. Cherehani akaikalia Romana.

Modesti alichaguliwa tena kwenye kamati.

Inspekta Abdurahmani alipelekwa Liwale kwa kumkosea adabu mwenyekiti.

Adhabu ya Kiswere ilikwisha mwaka 1959. Ligi ikawaandikia kuwakaribisha. Hapakuwa na timu ya kuipokea barua.