Jina Lisilofutika Gerezani

Adhana ya magharibi ilikuwa ikisikika nilipoingia dukani kwa Mama Hyasinta, Kariakoo. Miaka ile biashara ilikuwa imeachwa huru, kila tajiri anataka mtandao wake. Yeye alikuwa na ruta mbili: moja hapa, katikati ya vitenge, nyingine kwenye ghala lake, mtaa wa Gerezani. Alitaka niziseti zibebe na sauti, apige simu ghalani bila kupitia kampuni ya simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Selina. Pole na msiba, mwanangu."

Mume wangu, Vitalis, ndiye aliyenifundisha kazi hii. Ile ruta ya Gerezani aliifunga yeye, wiki aliyokufa. Asubuhi alilalamika tumbo. Jioni akawa maiti. Tulimzika kwao Masasi.

Nikaunganisha simu ya mezani, nikakaa kwenye kompyuta, nikaingia kwenye ruta ya ghalani.

Kuna mtu alikuwa ameshaingia.

vitalis

"Mama, ghalani kuna fundi?"

"Hamna mtu. Nimefunga mwenyewe."

Nikadhani ni jina alilolisahau humo. Nikalifuta. Likarudi. Nikalifuta tena... Kioo kikatulia. Kisha herufi zikaanza kutokea, moja moja, kama za mtu mwenye vidole vilivyokufa ganzi.

usinifute

Simu ikalia.

Nikaipokea. Pumzi... nzito. Na harufu ya pumba mbichi na udongo uliolowa ikanijaa puani, humo humo dukani.

"Vitalis?"

"Mmmh... mmmh..."

Mtu asiye na ulimi.

Nikageuka. Mama Hyasinta alikuwa anakunja kitenge, taratibu, anatabasamu.

"Zamani waliwachukua misukule wa kulima," alinong'ona. "Mimi jembe la nini?"

Nilikimbia mpaka Gerezani. Mafundi wa gereji ya jirani walinionea huruma, wakavunja kufuli. Ruta ilikuwa ya moto, taa zinapepesa. Sakafuni, sahani ya pumba yenye alama za vidole.

Hakuna mtu.

"Panya hao, dada," walisema, lakini hakuna aliyekubali kuingia ndani zaidi.

Nilimpigia baba mkwe, mzee Pius, nikamwomba kaburi lifukuliwe.

"Tumezika, tumezika," alisema. Akakata.

Haikupita wiki, mtandao ukakatika, Mama Hyasinta akaniita. Nilikwenda. Ningekaaje nyumbani?

"Amegoma," alisema, kama anayesema habari za punda. "Nimemnyima chakula, bado amegoma. Labda sauti yako ataisikia."

"Mwachie, mama. Nakuomba."

"Nimwachie aende wapi? Kwenu ameshaliliwa."

Akanipa simu. Upande wa pili pumzi zilikuwa fupi fupi, dhaifu... Sikuwa na uhakika kama ni yeye. Mpaka leo sina. Lakini kama ni yeye, alikuwa na njaa.

Nikafumba macho.

"Vitalis," nikanong'ona. "Fanya kazi, mume wangu. Fanya, upate kula."

Mbele yangu, taa ya kijani ikawaka. Mtandao umerudi.

Ndani ya simu alianza kuguna, kwa haraka, kama mwenye mengi ya kuniambia. Mama Hyasinta akanyoosha mkono, akaichukua simu sikioni mwangu, akaikata.

"Ahsante, mwanangu. Sasa nipishe, nina wateja."